Shavu Likivimba, Vidonge Pekee Havitoshi

Pengine umeamka shavu limevimba na jino linakuuma. Ukiwa Kitengela, duka la dawa haliko mbali. Unanunua vidonge vya kuua viini, na baada ya siku mbili uvimbe unapungua. Je, umepona? La.

Jino likioza hadi ndani, neva na mishipa yake ya damu hufa, na usaha hukusanyika kwenye mzizi. Kwa kuwa damu haiingii tena, dawa unayomeza haifiki ndani ya jino. Viini hubaki humo, na uvimbe hurudi.

Tiba ni daktari wa meno kutoa usaha, kisha kusafisha na kuziba mzizi, au kung'oa jino. Vidonge huongezwa iwapo una homa au uvimbe unaenea. Usiweke aspirini kwenye ufizi, kwani itauchoma.

Ukishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, au uvimbe ukifika shingoni au jichoni, usingoje kuche. Kimbilia hospitali iliyo karibu, iwe Kitengela au mjini Kajiado. Uvimbe huo waweza kuziba njia ya hewa.