Je, Wajua? Mama Mkulima wa Lubumbashi na Ardhi Anayoilima

Ukifika Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni bomba la moshi la kiwanda cha kampuni ya madini ya Gécamines, lenye urefu wa mita 153, na kando yake mlima mweusi wa mabaki ya shaba iliyoyeyushwa hapo kuanzia 1911. Ndivyo mji huu unavyojitambulisha. Lakini shaba hailiwi. Kinacholiwa ni bukari, yaani ugali, pamoja na mboga za sombe, lenga-lenga na matembele, na sehemu kubwa ya mboga hizo hutoka mikononi mwa akina mama wanaolima kando ya barabara za Kipushi, Kasenga na Likasi. Haya ni baadhi ya mambo yao, na kwa maoni yangu yanastahili kujulikana kama lile bomba.

Je, wajua kwamba kichuguu kinaweza kuwa na umri mkubwa kuliko ufalme wowote unaokumbukwa Katanga? Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walichapisha matokeo ya kupima umri wa vichuguu vikubwa vya mchwa katika eneo hili. Kimojawapo kilikuwa kimepita miaka 2,000. Vichuguu hivi si vile vidogo vya kujikwaa. Huwa na urefu wa mita kadhaa, vingine hupita mita 5, na katika msitu wa miombo unaweza kuhesabu 3 hadi 5 kwenye hekta moja tu.

Mama anayetafuta mahali pa kulima hukitazama kichuguu kabla ya kitu kingine chochote. Udongo wa kawaida wa hapa ni mwekundu na una tindikali, na rutuba yake imechujwa na mvua zinazofikia kama milimita 1,200 kwa mwaka, karibu zote zikishuka kati ya Novemba na Aprili. Udongo wa kichuguu ni tofauti. Mchwa wameupandisha kutoka chini, una mfinyanzi mwingi na chokaa zaidi, na tindikali yake ni kidogo. Kwa hiyo mama hupanda mahindi au maboga juu ya kichuguu chenyewe, ama hukibomoa na kuutawanya udongo wake shambani, mbolea asiyoinunua. Udongo huohuo hufyatuliwa matofali ya nyumba, na wajawazito huutafuna, desturi iliyoenea sana katika ukanda huu.

Na mchwa wenyewe ni wakulima! Ndani ya kichuguu hufuga kuvu juu ya vipande vya majani na miti waliyotafuna, na kuvu huyo ndiye chakula chao. Mvua zikikolea, baadhi ya makundi ya mchwa huchipuza uyoga nje. Mmoja wa aina hizo, ambao wataalamu huuita Termitomyces titanicus, ndio uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani: kofia yake yaweza kufikia upana wa mita 1. Uyoga huja wakati ghala limekwisha na mahindi mapya bado mabichi. Katika miezi hiyo ya njaa, mama hutegemea anachookota, yaani uyoga, majani ya maboga na vinkubala, wale viwavi wa miti ya miombo ambao hukaushwa na kuuzwa kwa kopo sokoni.

Sasa tuje kwenye munkoyo, maana hapa kuna maarifa ambayo hayasifiwi inavyostahili. Munkoyo ni kinywaji cha mahindi, chenye uchachu mtamu, kinachonywewa shambani, msibani na kwenye vituo vya mabasi. Mama hupika uji wa unga wa mahindi kwa muda mrefu mpaka uive kabisa. Kisha huuepua na kuuacha upoe, na hapo ndipo ujuzi wake wote ulipo. Huchukua mizizi ya mmea wa porini, huiponda mpaka iwe nyuzinyuzi, huitia ndani ya uji na kukoroga. Muda si mrefu ule uji mzito huanza kulegea, mwiko unakuwa mwepesi mkononi, na uji unageuka kuwa maji matamu. Mizizi hiyo ina vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, kazi ileile inayofanywa na kimea cha shayiri katika viwanda vya bia. Mama akiitia mizizi uji ukiwa bado wa moto sana, vimeng'enya hufa na uji hubaki uji. Hana kipimajoto, hupima kwa kiganja chake. Kesho yake munkoyo umechacha na uko tayari.

Je, wajua kwamba zamani mke wa mfanyakazi wa mgodi hakuhitaji shamba ili apate unga? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière iliamua kwamba wafanyakazi wakae na familia zao kambini, ikawapa nyumba, shule, hospitali na mposho, yaani mgawo wa chakula. Gécamines, iliyorithi migodi, iliendelea na utaratibu huo. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima, kilichotoka 2001, juu ya familia hizo na jinsi zilivyoachwa na kampuni waliyoiona kuwa baba. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka; kufikia 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Mishahara ikakatika, mposho ukakoma. Ndipo akina mama waliozoea kupokea gunia la unga wakashika jembe, wengine wakiwa wamepita umri wa miaka 40 bila kuwahi kupalilia mahindi. Walikodi vipande vya ardhi nje ya mji, wakaenda alfajiri kwa miguu, wakarudi na kuni kichwani. Ninaamini kwamba mji huu haukufa katika miaka ile kwa sababu yao, na ni ajabu kwamba sherehe za mji huwakumbuka wachimbaji peke yao.

Hata hivyo jembe la mama halijautosheleza mji. Mahindi mengi ya Lubumbashi bado huvuka mpaka kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na Zambia ikifunga mpaka, bei ya bukari hupanda mara moja.

Kiangazi hakina mapumziko. Juni na Julai, baridi inapouma asubuhi, kazi huhamia mabondeni penye maji, kwenye matuta ya mboga kama yale ya Kilobelobe. Mama humwagilia asubuhi na jioni, kisha hupeleka mafungu kwenye soko la Kenya, ambayo hapa ni komuni ya mji, si nchi jirani. Lakini mji wa shaba una udongo wa shaba. Moshi wa kiwanda ulishusha metali juu ya mashamba ya upande unakoelekea upepo kwa miongo mingi. Utafiti uliochapishwa 2009 ulikuta kobalti nyingi mno kwenye mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda, hasa watoto. Mama anaweza kuosha lenga-lenga mara tatu akaondoa vumbi. Kilichokwisha kupanda kupitia mizizi hakioshwi.

Zaidi ya udongo kuna suala la hati ya ardhi, na kwa hilo, ng'ambo ya bahari, kulikuwa na wanawake ambao wangeelewana haraka na hawa. Ni Wajerumani walioitwa Urusi na malkia Catherine II kwa tangazo la 1763, na ambao wajukuu wao walihamia mbuga za Marekani na Kanada kuanzia miaka ya 1870. Kule Dakota, katika mbuga za Marekani, hakukuwa na miti. Mama wa familia alikanda udongo kwa majani makavu kufyatua matofali ya nyumba yake, akakausha samadi iwe kuni za majira ya baridi, akalima bustani, akakamua ng'ombe. Sheria ya Marekani ya 1862 iligawa ekari 160 kwa kila aliyekubali kuziendeleza. Mjane aliweza kuomba, na msichana aliyetimiza miaka 21 pia. Mke aliye na mume, kwa kawaida, hakuweza. Aliilima ardhi ile maisha yake yote, na hati ikabaki na jina la mumewe.

Kongo ilikuwa na kizuizi cha namna yake. Sheria ya 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, na anayeitumia hupewa haki ya matumizi kwa karatasi. Kisha Sheria ya Familia ya 1987 ikamtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kutia sahihi mkataba unaomfunga. Kwa hiyo mama aliyetaka kuandikisha shamba alilolisafisha mwenyewe msituni, au kukopa fedha za mbegu, alianza kwa kumwomba mume. Sharti hilo liliondolewa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Badala yake, iwe Kipushi, Kasenga au Lubumbashi yenyewe, sheria inawataka wanandoa wakubaliane kuhusu mikataba inayowafunga, mume sawa na mke. Karani anayemdai mke idhini huku mume hadaiwi kitu, anadai kitu ambacho sheria haikidai tena.