Tukivuka mpaka, tukae wapi?
Mambo ambayo jamaa na viongozi wapime kabla ya kuchagua mahali pa kukaa



Tangu vita vya mwaka 1996, jamaa nyingi za mashariki ya Kongo zimeijua barabara ya kuvuka mpaka. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma na Bukavu, makumi ya maelfu ya watu waliingia Burundi, wengine kwa kuvuka mto Rusizi, na wengine wakaelekea Uganda. Kila mara swali huwa ni lile lile: tukishavuka, tukae wapi?

Hatuandiki hapa ili kumwambia mtu akimbie au abaki. Siku ya risasi hakuna anayechagua. Kila mtu hufuata njia iliyo wazi. Lakini siku za kwanza zikipita, uchaguzi huanza. Je, tubaki karibu na mpaka au tuingie ndani ya nchi? Twende kambini au mjini? Tubaki katika nchi hii au tuendelee mpaka nchi nyingine? Uamuzi huo unaweza kufunga maisha ya watoto kwa miaka kumi au ishirini. Kwa hiyo tumepanga hapa mambo sita ya kupima.

1. Umbali na mpaka

Watu wengi hupenda kukaa karibu na mpaka. Wanataka kusikia habari za nyumbani na kurudi haraka amani ikipatikana. Vita vilipofika Bunagana mwezi wa 6 mwaka 2022, wengi walivuka mpaka Kisoro, Uganda, na baadhi yao walibaki jirani na mpaka ili wapate kuangalia mashamba. Tunaelewa sababu hiyo. Shamba la maharagwe halingojei siasa.

Lakini mpaka ni mstari mwembamba. Usiku wa tarehe 13 mwezi wa 8 mwaka 2004, watu wenye silaha walishambulia kambi ya muda ya Gatumba, Burundi, kilometa chache tu kutoka Kongo. Wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge, na kati yao walikuwamo wanawake na watoto wengi. Walikuwa wamekwisha kuvuka na kuhesabu kwamba wamepona.

Ndiyo sababu Mkataba wa Umoja wa Nchi za Afrika wa mwaka 1969 juu ya wakimbizi unaomba kila nchi iwakalishe wakimbizi mbali ya kutosha na mpaka wa nchi walikotoka. Basi serikali au HCR wakiwaomba mpande lori kwenda ndani ya nchi, msidhani mara moja kwamba wanawatupa porini. Ulizeni: huko ni wapi, kuna maji, kuna kituo cha afya, shule iko umbali gani? Mkishajibiwa, pimeni. Faida ya kuona milima ya kwenu kila asubuhi isizidi usalama wa watoto usiku.

2. Sheria ya nchi

Nchi jirani hazina sheria moja. Anayechagua bila kujua sheria anaweza kujikuta amefungiwa mlango.

Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kutembea nchini na kufanya kazi. Wengi hupelekwa kwenye makao kama Nakivale, Kyaka II, Kyangwali au Rwamwanja, na huko hupewa kiwanja. Anayetaka anaweza kuishi Kampala, lakini lazima ajitegemee: kodi ya nyumba, chakula na usafiri ni juu yake.

Nchini Tanzania, kambi ya Nyarugusu imepokea Wakongomani tangu mwaka 1996, hasa waliovuka ziwa Tanganyika kutoka Fizi na Uvira. Lugha ni rahisi kwetu, lakini mkimbizi anapaswa kukaa kambini, na kutoka kunahitaji kibali. Mtu aliyezoea kufanya biashara ya kuzunguka sokoni atapata shida huko.

Malawi nayo ina kambi ya Dzaleka, iliyoanza mwaka 1994, si mbali na mji wa Lilongwe. Wakongomani wengi walikwenda huko, kisha wakafungua maduka mijini. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokaa mijini warudi kambini, na wengi walipoteza biashara zao. Fundisho ni hili: jambo linalovumiliwa leo bila karatasi linaweza kukatazwa kesho. Ulizeni sheria inasema nini, na pia ulizeni inafuatwa namna gani.

Zambia ina makao ya Meheba, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ambako wakimbizi hupewa mahali pa kulima, na Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya watu wa Haut-Katanga na Tanganyika.

3. Chakula na kazi

Zamani watu waliuliza kwanza: wanagawa unga kiasi gani? Leo swali hilo halitoshi. Pesa za misaada zimepungua sana. Mwaka 2025, PAM ilikata chakula cha wakimbizi karibu milioni moja nchini Uganda. Viwanja vimepungua pia: jamaa zilizofika Rwamwanja mwaka 2012 zilipimiwa ardhi kubwa kuliko zile zinazofika katika makao siku hizi.

Kwa hiyo msichague mahali kwa sababu ya mgawo. Chagueni kwa sababu ya kazi ambayo mikono yenu inaijua. Mkulima aulize: mvua inanyesha lini, udongo unakubali nini, soko liko wapi? Mshonaji, fundi wa pikipiki au msusi aulize kama kuna watu wa kutosha wenye pesa ya kulipa. Mvuvi wa Uvira akipelekwa mbali na maji, itambidi ajifunze kazi nyingine, na hiyo huchukua muda. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Heri tujue mapema jembe hilo tutalipata wapi.

4. Shule na lugha

Jambo hili husahauliwa, kisha huumiza. Mtoto aliyefika darasa la tano kwa Kifaransa akiingia shule ya Uganda au Zambia atakuta masomo ya Kiingereza. Mara nyingi hurudishwa madarasa mawili au matatu nyuma. Wadogo hujifunza upesi. Kijana wa miaka 16 anayewekwa pamoja na watoto wa miaka 10 huona haya, naye anaweza kuacha shule.

Huko Nyarugusu, kwa miaka mingi shule za Wakongomani zilifuata programu ya Kongo kwa Kifaransa. Hiyo husaidia anayetazamia kurudi. Kwa anayetazamia kubaki, lugha ya nchi mpya ni bora zaidi. Jiulizeni mnaona njia gani mbele yenu. Na popote mtakapokwenda, chukueni vyeti vya shule na vya kuzaliwa, hata vikiwa vimechanika.

5. Watu mtakaokaa nao

Jamaa nyingi hufuata ndugu aliyetangulia. Ni jambo jema: yeye anajua njia, bei na watu. Lakini mwulizeni maswali ya kweli. Wengine walioko mbali huona aibu kusema wanalala na njaa. Mwambieni: “Ndugu, usitutie moyo, tuambie jana mlikula nini.”

Katika kambi mtakuta pia watu wa makabila mliyopigana nayo nyumbani. Msiogope jambo hilo peke yake. Maji ni ya kisima kimoja na watoto watakaa benchi moja. Kinachohitaji kupimwa ni kama kuna kamati inayounganisha watu wote, kama kuna polisi wanaosikiliza, na kama mjane au mtu wa kabila dogo anaweza kulalamika bila hofu.

Tena wako wenyeji. Kuni, malisho na visima vilikuwa vyao kabla hatujafika. Ugomvi mwingi kati ya wakimbizi na wenyeji huanza na mti uliokatwa au mbuzi aliyeingia shambani. Mkifika, viongozi wenu waende kumsalimu kiongozi wa kijiji na kuuliza desturi za mahali: kuni zinaokotwa wapi, wapi hapakatwi, siku ya soko ni ipi. Salamu hiyo haina gharama, nayo huzuia fimbo nyingi.

6. Karatasi na uongo wa njiani

Andikishwa katika nchi moja tu, na useme majina yako ya kweli pamoja na idadi ya kweli ya jamaa. Alama za vidole hubaki katika kompyuta. Anayejiandikisha Burundi, kisha Uganda kwa jina lingine, huonekana siku moja, na faili yake husimamishwa.

Kuna uvumi usiokwisha kwamba kambi fulani “inapeleka watu Marekani upesi”. Kwa ajili ya uvumi huo jamaa zimeuza mali na kuhama kutoka nchi moja mpaka nyingine. Ukweli ni huu: duniani kote, chini ya mkimbizi mmoja kati ya 100 hupelekwa nchi ya tatu kwa mwaka, na mkimbizi hachagui nchi hiyo. Mwezi wa 1 mwaka 2025, Marekani ilisimamisha programu yake ya kuwapokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamekwisha kupata tiketi walibaki. Tena, huduma ya HCR hailipiwi. Anayeomba dola ili aingize jina lako katika orodha ni mwizi, hata akivaa kofia yenye alama ya shirika.

Msisahau shamba mliloacha

Anayechagua mahali papya asiache nyuma mbegu ya ugomvi. Kabla ya kuondoka, kama muda unaruhusu, mwachie mtu mwaminifu shamba na nyumba mbele ya mashahidi wawili au watatu. Andikeni: mipaka ni ipi, anaruhusiwa kulima nini, atarudisha lini. Afadhali mmoja wa mashahidi awe wa jamaa nyingine. Vita vingi vidogo vya kurudi vimeanzia kwa maneno “alinipa” na “sikumpa”.

Kikao cha jamaa

Viongozi, tunawaomba msiamue kwa niaba ya jamaa bila kuwasikiliza. Fanyeni kikao, na kila mtu apate neno. Mama ndiye atakayekwenda kwenye maji na kuni; vijana ndio watakaokaa huko muda mrefu zaidi. Ulizeni pamoja:

– Tutalala salama?
– Sheria inaturuhusu kutembea na kufanya kazi?
– Mgawo ukikatika, tutakula nini?
– Watoto watasoma kwa lugha gani?
– Mgonjwa na mzee watapata dawa umbali gani?
– Nani anatungojea huko, naye ametuambia ukweli?
– Tukitaka kurudi, njia iko wazi?

Hakuna mahali patakapojibu vizuri maswali yote saba. Palipo na shamba huenda hakuna shule nzuri; palipo na lugha yetu huenda hakuna ruhusa ya kutoka. Kila jamaa ijue ni maswali gani mawili au matatu yasiyoweza kuachwa. Mwenye mtoto mgonjwa ataanza na hospitali. Mwenye vijana wakubwa ataanza na kazi.

Mkikubaliana, nendeni pamoja. Ikibidi mtu mmoja atangulie, pangeni siku ya kupeana habari na mahali pa kukutana kama simu itapotea. Wafundisheni watoto wadogo majina kamili ya baba na mama, na jina la kijiji.

Tunawatakia safari yenye amani, na mahali pa kupumzika.