Kufundisha Andiko Dhana katika Shule za Sekondari

Mwanafunzi wa kidato cha tano, aliyekwisha kuzoea kuandika insha tangu shule ya msingi, huambiwa siku moja aandike andiko dhana, yaani karatasi fupi ya ukurasa mmoja au miwili inayoeleza, kabla ya utafiti wenyewe kufanywa, ni jambo gani litakalotafutwa, kwa nini litafutwe, na kwa njia gani. Kazi hii ni ndogo kwa kuitazama, lakini huwashinda wengi, tena huwashinda kwa namna moja. Nia yangu katika makala haya ni kueleza chanzo cha kushindwa huko kama nilivyokiona darasani, na njia ya kufundisha ambayo kwangu mimi imeleta nafuu.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Neno dhana limetokana na Kiarabu, na shina lake ndilo tulilo nalo katika kitenzi kudhani. Maana yake ya awali ni kukisia, na hata kushuku: mtu hudhaniwa wizi, na mwenye dhana mbaya ni mwenye kuwashuku wenzake. Maana ya kitaaluma, yaani wazo la jumla linalokusanya mambo mengi chini ya jina moja, ndiyo inayotawala vitabuni sasa, na bila shaka ndiyo iliyokusudiwa katika istilahi ya andiko dhana. Hata hivyo, kwa mwalimu ile maana ya awali ndiyo yenye manufaa zaidi. Mwanafunzi akielewa kwamba anaandika jambo analolidhani tu, asilolijua bado, amekwisha kupata nusu ya somo.

Tena, katika darasa lenye watoto ambao lugha zao za nyumbani hazina sauti ya dh, neno hili husemwa zana. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama andiko zana ni orodha ya vifaa vitakavyotumika. Wenzake walicheka. Mimi sikuweza kucheka sana, kwa maana maandiko niliyokuwa nimeyapokea juma lile hayakuwa mbali na orodha ya vifaa: hojaji, kalamu, daftari, nauli.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandika ubaoni vichwa vya sehemu, yaani mada, usuli, tatizo, malengo, umuhimu, mbinu, muda na gharama, nikawaambia wavijaze. Wakavijaza vyote. Chini ya umuhimu waliandika kwamba utafiti utaisaidia jamii na serikali. Chini ya tatizo, kwamba jambo hilo ni tatizo kubwa. Hapakuwa na aliyekosea kanuni, wala hapakuwa na aliyesema neno. Tangu hapo vichwa navitoa mwisho, wakati mwanafunzi ana jambo la kuweka chini yake.

Mahali pagumu ni kutoka katika mada kwenda katika swali. Nichukue mfano wa mada inayopendwa kupita zote siku hizi: athari za simu kwa wanafunzi. Kwa insha mada hiyo inafaa, kwa sababu mwandishi wa insha hutakiwa kukusanya yote yanayosemwa, akapima mazuri na mabaya, kisha akafunga kwa methali. Kwa andiko dhana haifai hata kidogo. Simu ipi? Athari gani? Wanafunzi wapi? Nilimwomba msichana mmoja aliyekuwa na mada hiyo anieleze amewahi kuona nini kwa macho yake. Akasema kwamba rafiki zake wakiandikiana ujumbe huandika cjui badala ya sijui, wa2 badala ya watu, na xaxa badala ya sasa, naye anadhani kwamba maandishi hayo yameanza kuingia katika insha. Hapo alikuwa amekwisha kufika bila kujua. Swali lake likawa hili: je, wanafunzi wa kidato cha tano katika shule yetu hutumia katika insha zao vifupisho wanavyotumia katika ujumbe wa simu? Na dhana yake ikawa: nadhani wanavitumia.

Msomaji ataona tofauti. Swali la pili lina mipaka ya mahali na watu, na jibu lake laweza kupatikana kwa kusoma na kuhesabu. Zaidi ya hayo, jibu laweza kuwa hapana. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kuliko vingine vyote. Namwuliza kila mwanafunzi, “Utajuaje kama umekosea?” Asiyeweza kunijibu bado ana mada, hana swali.

Likishapatikana swali, lugha nayo huleta mitego yake, na kwa wasomaji wa jarida hili huenda sehemu hii ikawa ndiyo yenye faida. Mtego wa kwanza ni kiambishi hu-. Mwanafunzi akiandika kwamba wanafunzi hufupisha maneno, amekwisha kudai mazoea, na mazoea ndiyo yanayotafutwa. Katika swali hu- ina mahali pake. Katika maelezo ya tatizo inajibu kabla ya kuuliza. Namfundisha aandike alichokiona kwa -li- au -me-, kwa mfano, “katika insha tatu nilizosoma nimeona neno cjui,” kisha aandike anachokikisia kwa nadhani, yamkini, au huenda. Atakachokifanya na akiandike kwa -ta-, kwa nafsi ya kwanza: nitasoma, nitahesabu, nitalinganisha. Walimu wengine hupendelea kauli ya kutendwa, itachunguzwa, italinganishwa, kwa kuwa ina heshima ya kitaaluma. Sibishani nao katika tasnifu za chuo kikuu, ila kwa mwanafunzi wa sekondari kauli ile humficha mtendaji, na mara nyingi mtendaji aliyefichwa hakuwa na nia ya kutenda.

Mtego wa pili ni maneno yasiyo na shahidi: siku hizi, wengi, jamii kwa ujumla. Nayapigia mstari, basi, na kuandika pembeni, “Nani kahesabu?” Kuhusu umuhimu wa utafiti sina mengi, sentensi mbili zatosha.

Mbinu yafaa iandikwe kiasi kwamba mwenzake darasani aweze kuifanya kazi hiyo ikiwa mwenyewe ameugua. Msichana wetu aliandika mara ya kwanza kwamba atakusanya data. Nikamrudishia. Mara ya pili aliandika kwamba ataomba insha 40 kwa mwalimu wa Kiswahili, atafunika majina, atatia alama kila kifupisho, na ataomba kwa marafiki wanaokubali nakala ya ujumbe wao ili apate orodha ya vifupisho vya kulinganisha. Jambo la ruhusa halikumjia akilini mpaka nilipomwuliza kama angependa ujumbe wake mwenyewe usomwe na mwalimu. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza sentensi kwamba kila mmoja atachagua mwenyewe cha kutoa, na kwamba mzazi ataarifiwa.

Kwa nini kazi hii ifanywe katika somo la Kiswahili? Katika shule za sekondari za Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, hata mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili hulazimika kupeleka fikra yake mbio kutafuta maneno kabla haijakomaa. Matokeo yake ni vile vichwa vilivyojazwa maneno ya kukopa. Nimeona wanafunzi ambao kwa Kiingereza waliandika karatasi tupu, lakini walipoulizwa kwa Kiswahili walitoa swali zuri katika dakika chache. Na andiko dhana ndilo ambalo mtu mwingine huamua kwalo kama kazi ifanywe au isifanywe. Kijana asiyeweza kulieleza wazo lake kwa lugha anayoimiliki atakuwa siku zote mtekelezaji wa maswali ya wengine.

Ndiyo maana karatasi ya kwanza hailetwi kwangu. Mwanafunzi huisoma kwa sauti mbele ya wenzake, nao humwuliza. Wao ni wakali kuliko mimi, tena huona haraka pale maneno yanapojaza nafasi. Baada ya hapo ndipo anapoandika tena, naam, mara mbili au tatu.

Msichana huyo alipomaliza kazi yake alikuta vifupisho vichache mno katika insha, lakini vingi katika madaftari ya masomo, ambayo hakuwa ameyaweka katika mpango. Alikuja kwangu na huzuni, akiuliza kama aibadilishe dhana yake ili ilingane na alichokiona. Nikamwambia aiache kama ilivyo, aandike chini yake kwamba alikosea, na wapi, kisha aanze andiko jingine juu ya madaftari. Mwalimu mwenzangu aliona kwamba kwa dhana iliyoanguka hastahili alama za juu. Nilimpa alama za juu.