Kompyuta Yanguruma, Skrini Giza: Usiizike Ingali Hai

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, nakuandikia kutoka hapa Hewani, ukingoni mwa Mto Tana. Madhumuni ya makala haya ni kukueleza jambo lililotutoa jasho hapa shuleni muhula wa pili: kompyuta inayowaka vizuri, feni inazunguka, lakini skrini haionyeshi kitu. Najua utasema, "Ah, hiyo ni kazi ya mafundi." Ngoja kwanza, usifungue ukurasa mwingine.

Ilikuwa siku ya Jumanne. Katika chumba chetu cha kompyuta, mashine nambari nne ndiyo iliyokuwa na kazi ya dada mmoja wa kidato cha nne. Wanaofanya somo la Kompyuta katika KCSE huwa na karatasi ya tatu ambayo ni mradi. Mtahiniwa hutengeneza mfumo wake mwenyewe kisha akauandikia maelezo. Dada yule alikuwa ametengeneza mfumo wa kuweka hesabu za wakulima wa mpunga na maembe. Kazi ya miezi! Nakala nyingine hakuwa nayo, maana flashi yake ilipotea. Siku za kuwasilisha zilikuwa zimebaki za kuhesabu kwa vidole.

Akabonyeza swichi. Taa ikawaka, feni ikanguruma, skrini giza tititi. Mmoja wetu akasema, "Hiyo imekufa." Mwingine akasema ni virusi. Mimi nami, naungama, niliichomoa na kuichomeka mara tatu kwa pupa, na mara ya tatu nikaipiga kofi ubavuni kama watu wanavyopiga redio kuukuu. Dada akaanza kulia. Fundi tuliyemjua alikuwa Malindi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen. Tena sisi ni wa shule ya kutwa: jioni lazima tushike njia, na wengine wana mto wa kuvuka kabla ya giza.

Mwalimu wetu wa kompyuta alipoingia hakugusa chochote. Aliuliza swali moja tu: "Nani ameisikiliza?" Tukatazamana. Kusikiliza kompyuta? Kumbe hapo ndipo palipokuwa na siri yote.

KWANZA, NINI HUTOKEA UNAPOBONYEZA SWICHI?

Stima ya ukutani hapa Kenya ni volti 240. Ndani ya sanduku la kompyuta, lile tuliloliita sote "sipiyu", kuna kiboksi cha chuma kiitwacho pawa saplai. Kazi yake ni kuishusha stima hiyo hadi volti 12, 5 na 3.3. Feni hutumia zile 12. Kwa hivyo feni ikizunguka, inakuambia tu kwamba volti 12 zipo. Haikuambii kwamba mashine yote ni nzima. Hili ndilo kosa la wengi, mimi nikiwa wa kwanza.

Baada ya hapo, programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mkuu, iitwayo BIOS, hukagua mashine kama mwalimu wa zamu anavyokagua gwaride. Huita: bongo la mashine upo? Kumbukumbu, yaani zile kadi ndefu ziitwazo ramu, mpo? Upande wa picha upo? Wote wakiitika, ndipo picha huja kwenye skrini. Sasa, kama kumbukumbu haikuitika, ukaguzi husimama papo hapo. Mashine haina pa kuchorea picha, basi haiwezi kukuandikia "Jamani, ramu yangu ina shida." Mashine nyingi hulia badala yake. Mlio wake ni mdogo, "piiip", na darasa likiwa na kelele kama soko la Garsen nani atausikia?

Kwa hivyo, skrini giza maana yake si kifo. Maana yake ni kwamba habari haijafika machoni, na ni juu yako kuitafuta. Babu yangu mtumbwi ukiingiza maji hasemi umeoza. Huuvuta pwani, akaukausha, akaanza kutazama nje kabla ya kupapasa ndani. Hata kompyuta ni vivyo hivyo: anza nje, ingia ndani polepole, na ubadilishe kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja ikapona, hutajua ni dawa gani iliyoponya.

HATUA ZA NJE

Moja, tazama taa ya monita. Kama haiwaki kabisa, monita haipati stima. Kagua waya wake na swichi yake. Kama inawaka rangi ya machungwa, au skrini inaandika kwamba hakuna ishara, monita ni hai ila haipokei kitu kutoka kwa mashine.

Mbili, kagua kebo ya picha pande zote mbili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nawe ingia chini ya meza! Kebo ya zamani ya VGA ina vijiti 15 katika safu tatu. Kijiti kimoja kikipinda, picha huharibika au hupotea. Ichomoe, itazame, irudishe na ukaze skrubu zake.

Tatu, hakikisha kebo imechomekwa mahali pake. Kompyuta iliyoongezwa kadi ya picha huwa na matundu ya picha sehemu mbili: juu, kwenye ubao mkuu, na chini, kwenye kadi. Mara nyingi picha hutoka kwenye kadi. Ukichomeka juu utangoja mpaka kesho. Pia monita yenye matundu mawili, kama VGA na HDMI, ina kitufe cha kuchagua tundu la kusikiliza. Huenda ikawa inasikiliza tundu lisilo na mtu.

Nne, azima monita ya jirani unayojua ni nzima. Ikionyesha picha, mgonjwa ni monita yako. Hapo izime taa ya chumba na umulike skrini yako kwa tochi, kwa upande. Ukiona maandishi hafifu, basi picha ipo. Iliyokufa ni taa ya nyuma ya skrini.

Tano, bonyeza kitufe cha Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine imeamka na inakusikia. Shida iko upande wa picha. Isipobadilika, huenda mashine imekwama katika ule ukaguzi niliokueleza.

Sisi tulifanya hayo yote. Monita ya jirani: giza. Kebo: nzima. Num Lock: kimya. Ndipo mwalimu akazima feni ya dari, akasema, "Sasa kila mtu afunge mdomo." Akawasha. Tukasikia: piiip... kimya... piiip... kimya. Nakuambia msomaji, nywele zilinisimama. Mashine tuliyokuwa tukiizika ilikuwa ikiita siku nzima!

Milio hii hutofautiana kulingana na aliyetengeneza BIOS. Kwa BIOS za Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni shida ya upande wa picha. Kwa zile za AMI, milio minane mifupi ni kumbukumbu ya picha. Kwa hivyo usikisie; tafuta kitabu kidogo kilichokuja na ubao wako. Mashine nyingine hazina kipaza sauti cha kulilia, bali zina vijitaa vinavyomulika. Chetu kitabu kilisema: mlio mrefu unaorudiwa ni ramu.

KUINGIA NDANI

Hapa tahadhari, tafadhali. Zima, chomoa waya wa stima ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kama kumi ili stima iliyobaki iishe. Shika chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu kingine, maana mwili wako una umeme mdogo ambao huwezi kuuhisi lakini unaweza kuua ramu. Kile kiboksi cha pawa saplai usikifungue kamwe. Huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Vilevile monita zile nene za zamani zenye kioo kizito: ndani yake volti huweza kupita 20,000. Hizo mwachie fundi. Na ukiona swichi ndogo nyuma iliyoandikwa 115 na 230, usiichezee. Kwetu ni 230.

Tulipofungua tulikuta vumbi kama la barabara ya kiangazi, na kinyesi cha mjusi juu ya ubao. Si ajabu. Hapa kwetu joto ni jingi, na mto ukifurika, kama 2018 na 2023, hewa hubaki na unyevunyevu siku nyingi. Unyevu na vumbi hukaa kwenye zile meno za dhahabu za ramu, zikashindwa kugusana vizuri na tundu lake.

Mwalimu akafungua vibano viwili vya pembeni, akaitoa ramu kwa kuishika kingo. Akamwita dada mwenyewe, akampa kifutio cha penseli, kipya na safi. Dada akayasugua yale meno taratibu, pande zote mbili, akapangusa ungaunga kwa kitambaa kikavu. Tundu tukalipuliza kwa pampu ya mkono, si kwa mdomo, maana mdomo una mate. Kisha akairudisha. Ramu ina pengo lake karibu na katikati, si katikati kabisa. Ukiigeuza haiingii, usilazimishe. Alibonyeza pande mbili mpaka vibano vikalia "ta! ta!"

Kama mashine ina kadi mbili za ramu, jaribu moja moja, kwanza hii kisha ile, ili ujue mbovu ni ipi. Na kama ni nzima zote, toa kadi ya picha uirudishe vizuri. Bado? Toa ile betri ya duara kama sarafu iitwayo CR2032 kwa dakika chache, uirudishe. Mipangilio ya BIOS itaanza upya, na saa utairekebisha. Betri hiyo iweke mbali na watoto wadogo, wakiimeza ni hatari kubwa.

Basi, tukachomeka. Sote hata kupumua tuliogopa. Dada akabonyeza. Pip moja fupi, kisha skrini ikawa nyeupe kidogo, maandishi yakaanza kushuka. Msomaji, kelele zilizopigwa zilimleta hata mpishi!

MAMBO MAWILI NILIYOJIFUNZA

La kwanza, hata kama isingepona, kazi ya dada haikuwa imepotea. Kazi hukaa kwenye diski, si kwenye skrini wala kwenye ramu. Diski ingeweza kutolewa ikawekwa katika mashine nyingine. Kwa hivyo mtu akikuambia "tuifomati ipate kuwaka", mkatalie. Kufomati hakurudishi picha, ila kunafuta jasho lako. Hata hivyo dada alinakili mradi wake mahali pawili siku hiyohiyo kabla ya kwenda nyumbani. Mwenye nakala moja hana nakala.

La pili, wiki iliyofuata tuliomba ufunguo wa stoo. Mlikuwa na kompyuta mbili zilizoandikwa kwa chaki "MBOVU". Tukazifuata kwa hatua zilezile. Ya kwanza ilikuwa na ramu iliyokaa upande. Ikaamka, na sasa ndiyo nambari saba. Ya pili tulikuta vile vikopo vidogo kwenye ubao, viitwavyo kapasita, vimevimba vichwa na kutoa maji ya kahawia. Hiyo tulikubali imekwisha, ila ramu yake na betri yake tuliziweka akiba. Sitakudanganya kwamba kila mashine hupona. Nasema tu kwamba moja kati ya zile mbili ilikuwa hai, imefungiwa gizani, kwa sababu hakuna aliyeisikiliza.

Na ikiwa picha ya mwanzo inaonekana halafu giza linaingia baadaye, mara nyingi hiyo ni shida nyingine ya programu, si hii. Hiyo, Mungu akipenda, tutaizungumza katika jarida la mwaka ujao.

Kwa leo naifunika kalamu yangu. Kompyuta ikikunyima picha, nyamaza, uisikilize, uanze nje. Na yale makofi ya ubavuni, mimi nimeacha.