Maana Tatu za Neno "Ardhi" katika Amplifaya ya Gitaa ya Valvu

Neno moja likibeba maana nyingi katika ushairi huhesabiwa kuwa ni utajiri. Likibeba maana nyingi katika kazi ya umeme laweza kumwua mtu. Neno "ardhi" ni la namna hiyo. Mfano wake waonekana wazi katika amplifaya ya Fender Champ 5F1 iliyobuniwa California katika miaka ya 1950, ambayo mchoro wake huigwa hata leo na wauzao vifaa vya kujiundia nyumbani. Ina valvu tatu tu: 12AX7, 6V6GT na 5Y3GT.

Maana ya kwanza ni ardhi ya usalama. Huu ni waya wa rangi ya kijani na manjano utokao katika plagi, nao hufungwa kwa bolti yake peke yake katika chesisi, yaani sanduku la chuma. Waya wa moto ukichomoka na kuigusa chesisi, mkondo mkubwa hupita katika waya huu na fyuzi hukatika. Amplifaya nyingi za zamani zilikuwa na waya mbili tu, bila ya huu wa tatu. Yafaa ikumbukwe kwamba nyuzi za gitaa aghalabu zimeunganishwa na chesisi kwa njia ya kebo. Basi chesisi ikipata umeme, mpigaji naye ameushika mikononi.

Maana ya pili ni chesisi yenyewe. Kazi yake ni kuzikinga nyaya zilizomo ndani zisipokee mivumo ya nje. Haifai kufanywa njia ya kupitishia mikondo ya kazi.

Maana ya tatu ni njia ya marejeo, ambayo kwayo mkondo wa kila valvu hurudi ulikotoka. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Umeme wa nyumbani wa Afrika Mashariki hubadilika mara 50 kwa sekunde, na valvu ya 5Y3GT huigeuza pande zote mbili za wimbi, hata kapasita ya kwanza ikajazwa kwa mishtuko 100 kila sekunde. Tuseme mshtuko mmoja una ampea 0.5, na kipande cha waya kina ukinzani wa omu 0.01: kati ya ncha zake patatokea volti 0.005. Kiasi hicho ni kidogo, lakini sauti ya gitaa yenyewe huingia ikiwa ni sehemu ndogo tu ya volti moja, kisha hukuzwa mara nyingi. Ikiwa marejeo ya valvu ya kwanza yamefungwa katika kipande hicho, mngurumo nao utakuzwa pamoja na wimbo. Kwa hiyo kapasita ya kwanza na waya wa katikati wa transfoma hukutanishwa kwanza wao kwa wao, ndipo marejeo yote yaunganishwe na chesisi mahali pamoja, karibu na tundu la kuingizia gitaa.

Ama vikanza, ambavyo jina lake latokana vyema na kitenzi "kukanza", huleta mvumo wa aina nyingine, wa mara 50. Kikanza cha 12AX7 chataka volti 6.3 na ampea 0.3, pini 4 na 5 zikiunganishwa upande mmoja na pini 9 upande wa pili; cha 6V6GT chataka ampea 0.45 katika pini 2 na 7. Jumla ni ampea 0.75 za mkondo geu. Nyaya zake mbili husokotwa kama kamba, kwani mikondo yake ni sawa kwa kiasi na kinyume kwa mwelekeo, na nguvu za sumaku zake hufutana. Kisha hulazwa katika pembe ya chesisi, mbali na waya wa gridi.

Katika mchoro wa asili, upande mmoja wa vikanza ulifungwa katika chesisi. Wajenzi wa leo huuondoa mfungo huo, wakaweka rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila upande hadi njia ya marejeo, ili pande zote zilingane.

Hivyo sikio lenyewe hufundisha: mvumo mzito wa 50 waelekeza kwenye vikanza, na ule wa 100 kwenye kapasita au marejeo. Lakini kosa la ardhi ya usalama halina sauti. Fundi aambiwaye "ondoa ardhi ili mngurumo uishe" aweza kuukata waya wa plagi, hali aliyekusudia kumsaidia alikuwa akisema juu ya marejeo. Mngurumo huenda ukaisha, na hatari ikabaki kimya.

Kwa sababu hiyo yafaa istilahi zitengwe: "ardhi" ibaki kwa waya wa usalama peke yake, "chesisi" kwa sanduku, na "marejeo" kwa njia ya mkondo. Tofauti hii haihitaji neno jipya hata moja. Yahitaji uangalifu tu wa kuyatumia yaliyopo.