TAARIFA YA SOKO: Nyoka wetu abaki porini, wa kigeni asiletwe

Wafanyabiashara wa Musoma, Bunda na Butiama wanaotafuta pa kuweka mtaji mdogo husikia kwamba nyoka hai wana bei nzuri ng'ambo. Wengine huulizia wanyama wa kigeni wa kufuga nyumbani. Kabla ya kutoa fedha, ni vyema biashara zote mbili zipigiwe hesabu.

Soko lisilotabirika

Kwa miaka mingi Tanzania iliuza nje wanyamapori hai, wakiwemo nyoka, vinyonga na kobe. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji huo, na waliokuwa na wanyama mabandani wakabaki nao, wakiwalisha bila mauzo. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi sita ya kuwaondoa waliobaki, lakini ilisitishwa ndani ya siku chache. Soko la namna hii si pa kupeleka fedha za mkopo.

Aidha, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wala kumiliki mnyamapori bila kibali. Biashara ya chatu wa aina zote nayo inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Anayenunua ngozi ya chatu uchochoroni ananunua kesi.

Chatu wa Florida

Chatu wa Afrika, yule yule anayepatikana kwetu, alipelekwa Marekani kwa biashara ya wanyama wa kufugwa. Baadhi walitoroka au kuachiwa na wenyewe, wakazaliana porini karibu na Miami. Ndugu yake, chatu wa Burma, ameenea zaidi katika eneo la Everglades. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba huko rakuni, mnyama mdogo wa porini, walionekana pungufu kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka huohuo Marekani ilipiga marufuku kuingiza chatu hao wote wawili. Hivyo muuzaji alikosa soko, na mlipa kodi akabaki na gharama ya kuwasaka.

Mnyama ni yule yule: kwao ana kazi, ugenini ni hasara.

Funzo la ziwa letu

Mkazi wa Bukima hahitaji kwenda Florida kuliona hilo. Magugu maji yalitoka Amerika ya Kusini na kusambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Yalipoenea Ziwa Victoria miaka ya 1990 yalifunga mialo, yakazuia mitumbwi na kunasa nyavu. Sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, aliingiza fedha za kigeni, lakini aliwamaliza furu wa aina nyingi ambao hawarudi tena. Mgeni akishazaliana, hakuna wa kumrudisha alikotoka. Nyoka au kobe wa kigeni anaweza pia kuleta magonjwa na kunyang'anya chakula wale wa asili.

Faida ya nyoka wa asili

Panya hula mahindi na mihogo ghalani, na hasara hiyo humwangukia mkulima na mchuuzi. Kifutu, chatu na nyoka wengine wengi huwinda panya bila malipo. Wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, ila kifutu, swila na koboko ni wa hatari. Asiyejua asimguse yeyote. Aliyeumwa awahishwe hospitali, asichanjwe wala kufungwa kamba.

Ushauri wetu

Usinunue nyoka wala ngozi isiyo na kibali. Usilete mnyama wa kigeni, na aliyenaye asimwachie porini wala ziwani. Awaone maofisa wa wanyamapori. Mwenye mtaji wa kutosha afikirie bustani ya nyoka yenye leseni, kama ile ya Meserani karibu na Arusha, kwani watalii wa Serengeti hupita Bunda. Mwenye mtaji mdogo aanze na ghala safi, kichaka kikiwa mbali na mlango. Hapo nyoka atafanya kazi yake shambani, nawe utabaki na magunia yako.