Kituo cha uchunguzi wa ndege

Kituo cha uchunguzi wa ndege ni mahali ambapo ndege, hasa wale wanaohama, huhesabiwa na kuvishwa pete mwaka baada ya mwaka. Nchini Uingereza vituo vingi viko visiwani au kwenye rasi, ambako ndege waliovuka bahari hutua kupumzika. Mara nyingi nondo nao hutegwa hapohapo.

Historia

Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha kwezi wa Ulaya pete za alumini zilizoandikwa namba na anwani. Mwaka 1901 Johannes Thienemann alianzisha kituo cha Rossitten kando ya Bahari ya Baltiki (leo Rybachy, nchini Urusi). Kituo cha kwanza cha Uingereza kilianzishwa na Ronald Lockley mwaka 1933 kwenye kisiwa cha Skokholm, Wales.

Kazi za siku

Kazi huanza alfajiri. Nyavu nyembamba, zisizoonekana kwa urahisi, hutandazwa kati ya vichaka na kukaguliwa mara kwa mara. Ndege aliyenaswa huchomolewa taratibu na kutiwa katika mfuko wa kitambaa, kwa kuwa gizani hutulia. Kisha huvishwa pete nyepesi inayozunguka mguuni bila kubana. Bawa lake hupimwa, na manyoya ya kifua hupulizwa ili kuona mafuta chini ya ngozi, ambayo ndiyo akiba yake ya safari. Mwishowe hupimwa uzito na kuachiliwa. Mvua ikinyesha au upepo ukivuma sana, nyavu hufungwa, maana usalama wa ndege hutangulia takwimu. Mvishaji pete lazima awe amefunzwa na awe na kibali.

Mtego wa nondo ni sanduku lenye taa. Usiku nondo hufuata mwanga, huingia kupitia tundu na kujificha kati ya trei za mayai zilizowekwa ndani. Mtego hufunguliwa mapema asubuhi, la sivyo ndege huzoea kuja kujilia. Nondo hutambuliwa, huhesabiwa na kuachiliwa kwenye majani. Baadhi yao ni wahamaji pia. Mfano ni Agrius convolvuli, ambaye viwavi wake hula majani ya viazi vitamu barani Afrika, naye huruka hadi Uingereza.

Umuhimu

Mnamo Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 alikamatwa Natal, Afrika Kusini. Pete hiyo moja ilithibitisha mahali ambapo mbayuwayu wa Uingereza huweza kufika wakati wa baridi ya kwao.

Nchini Kenya ndege huvishwa pete tangu mwaka 1969 huko Ngulia, katika Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi. Usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, ndege wanaotoka Ulaya na Asia huvutwa na taa za hoteli iliyopo hapo. Hunaswa, huvishwa pete na kuachiliwa waendelee na safari.

Hesabu za nondo nazo hutoa onyo. Mitego ya taa nchini Uingereza imeonyesha kwamba wingi wa nondo wakubwa ulipungua kwa asilimia 33 kati ya miaka 1968 na 2017. Upungufu huo unawagusa ndege pia, kwani wengi hulisha makinda yao viwavi.

Upungufu wa namna hiyo hauonekani kwa hesabu ya siku moja. Kwa sababu hiyo hata siku ambayo nyavu na mitego haikupata kitu huandikwa daftarini.